Huu Ni Mwili wa Nani? Maswali Matatu kwa Programu za Anatomia

Siku hizi mwanafunzi wa mwaka wa kwanza huripoti chuoni akiwa na mwili mzima wa binadamu kwenye simu. Ameupakua bure, au kwa toleo la majaribio la siku chache. Anauzungusha kwa kidole, anauvua ngozi, anaondoa msuli mmoja baada ya mwingine mpaka moyo ubaki peke yake ukidunda kwenye kioo. "Madam, umeiona hii?" Nimeiona. Nafundisha anatomia katika chuo cha maafisa tabibu, na stoo yetu ina mifupa ya plastiki ambayo mkono mmoja umeshikiliwa na waya, pamoja na kiwiliwili cha viungo vya kuchomoa ambacho kongosho yake ilishapotea. Nani mimi niidharau simu?

Lakini sitaki waingie humo kama watalii. Kila anayeniletea programu mpya namtaka aiulize maswali matatu. Mwili huu ni wa nani? Nani kazipa sehemu zake majina na namba? Na nikibofya sehemu moja, napelekwa wapi? Programu nyingi zinanyamaza kwenye swali la kwanza, la pili zinalijibu kwa maandishi madogo, na kwenye la tatu zinataka kadi ya benki yenye dola. Hata hivyo majibu yapo wazi kwa umma, na anayeyajua huitazama picha kwa jicho jingine kabisa.

Mfungwa wa Texas na mama wa Maryland

Picha hizi zina asili. Chemchemi mojawapo iliyonyweshea programu nyingi ni mradi wa Maktaba ya Taifa ya Tiba ya Marekani unaoitwa Visible Human Project, ulioasisiwa mwishoni mwa miaka ya 1980. Kazi ya mikono ilikabidhiwa Chuo Kikuu cha Colorado, kwa Victor Spitzer na David Whitlock. Walichotafuta ni maiti ya mtu mzima ambayo viungo vyake havijaharibiwa na ugonjwa wala ajali, na ipatikane mapema baada ya kifo.

Agosti 5, 1993, jimbo la Texas lilimwua kwa sindano ya sumu Joseph Paul Jernigan, mwanaume wa miaka 39 aliyehukumiwa kifo kwa kosa la mauaji. Akiwa gerezani, kwa kushauriwa na kasisi, alikuwa ameridhia mwili wake utumike katika sayansi. Habari za mradi huu hakuwa anazijua. Mwili ulisafirishwa kwa ndege hadi Colorado, ukapigwa picha za CT na MRI, ukagandishwa ndani ya jelatini, kisha ukagawanywa mapande manne. Hapo ndipo mashine ilipoanza kuunyoa. Inaondoa milimita moja, uso uliobaki unapigwa picha. Inaondoa milimita nyingine, inapigwa picha nyingine. Zikapatikana picha 1,871. Mwili wenyewe ukaishia kuwa unga wa barafu.

Data hizo zilitolewa kwa umma Novemba 1994, zikiwa na uzito wa gigabaiti 15 hivi, ambazo leo zinaenea kwenye flashi ya bei ya chini kabisa dukani. Mwaka uliofuata ulitolewa mwili wa pili, wa mama wa Maryland mwenye miaka 59 aliyefariki kwa maradhi ya moyo. Jina lake halikutangazwa. Yeye alinyolewa kwa theluthi ya milimita, zikapatikana picha zaidi ya 5,000. Kwa miaka mingi aliyetaka kuzitumia alilazimika kuomba leseni. Tangu 2019 sharti hilo limeondolewa.

Sasa angalia kasoro zilizomo, maana zimesafiri pamoja na picha. Jernigan alikuwa na korodani moja. Ubongo wake ulivimba kidogo kwa sababu ya kugandishwa. Vifupa vidogo vya sikio vilipotea wakati wa kukata. Mishipa midogo ya damu ilinywea, na neva ni shida kuziona kwa kuwa rangi yake inakaribiana na ya mafuta. Yule mama alikuwa ameshakoma hedhi, kwa hiyo mji wake wa mimba si ule utakaokutana nao wodi ya wazazi. Anayejua haya hashangai mchoro unapokuwa makini kwenye nyonga na wa kubahatisha kwenye mishipa ya vidole.

Kuna jambo la ridhaa pia. Hapo darasa huwaka moto. Wapo wanaosema yule bwana aliua, kwa hiyo angalau amelipa kitu. Wapo wanaouliza: mtu anayesubiri kuuawa, aliye mikononi mwa serikali, ana uhuru gani wa kukataa? Na tukumbuke kwamba desturi hii ni ya kale. Hata Vesalius, ambaye kitabu chake cha mwaka 1543 ndicho kilichoigeuza anatomia ya Ulaya, alipasua miili ya watu walionyongwa.

Kisha nawasimulia habari za Susan Potter. Mwaka 2000 mama huyu wa Denver, mwenye maradhi chungu nzima, alimfuata Spitzer mwenyewe na kumwambia anataka akifa akatwe vivyo hivyo. Akaishi miaka mingine karibu 15. Katika muda huo alizungumza na wanafunzi wa udaktari, akaomba kuonyeshwa chumba cha baridi na msumeno utakaotumika, akaagiza muziki na maua ya waridi viwepo siku ya kazi. Alifariki 2015 akiwa na miaka 87, na mwili wake ukakatwa vipande 27,000, kila kimoja kikiwa na unene wa mikroni 63. Mtafiti ni yuleyule, friza ni za aina ileile, lakini Potter alijua anachokitoa na alikisimamia. Viungo vyake vina ugonjwa, vina vyuma vya upasuaji, vina uzee, na kwa tabibu hiyo ni faida, kwa sababu wagonjwa wetu wengi ndivyo walivyo.

Chemchemi ya pili iko Japani. Ukisoma makala ya Wikipedia kuhusu kiungo fulani ukaona mwili wa kijivu unaozunguka huku sehemu moja imepakwa rangi nyekundu, kuna uwezekano mkubwa picha hiyo imetoka BodyParts3D, hazina iliyotengenezwa na kituo cha hifadhidata za sayansi ya uhai cha Tokyo na kutangazwa katika jarida la kisayansi mwaka 2009. Umbo lake la msingi linaitwa TARO. Lilitokana na picha za MRI za mwanaume wa Kijapani aliyechaguliwa kwa kuwa urefu na uzito wake vilikaribia wastani wa wanaume wa nchi hiyo, na lilichapishwa mwaka 2004 kwa kazi nyingine kabisa: kukokotoa ni kiasi gani cha mawimbi ya redio, yakiwemo ya simu, mwili wa binadamu unayafyonza. Chembe zake zina upana wa milimita mbili, na tishu zilizotenganishwa zilikuwa 51. Kwa hesabu za mawimbi hiyo inatosha. Kwa anatomia haitoshi, ndiyo maana wachoraji wa tiba waliingia kati na kujazia yaliyokosekana kwa kufuata vitabu. Kwa hiyo katika mwili huohuo unaouzungusha, sehemu moja imepimwa kwa mtu halisi na nyingine imechorwa na mtaalamu, na rangi zake hazikuambii ipi ni ipi.

Jinsi kivuli kinavyogeuka kiungo

Wengi hudhani mashine ya CT inatoa bandama. Mashine inatoa namba. Kila chembe ndogo ya mwili, ambayo wataalamu huiita vokseli, inapewa namba kulingana na kiasi cha mionzi inachozuia. Kipimo chake kina jina la Godfrey Hounsfield, mhandisi wa Uingereza ambaye mashine yake ilimpiga picha ya kichwa mgonjwa wa kwanza jijini London mwaka 1971. Alitunukiwa Nobel mwaka 1979 pamoja na Allan Cormack, mzaliwa wa Johannesburg. Maji ni sifuri, hewa ni hasi 1,000, mafuta yako karibu na hasi 100, na mfupa mgumu huvuka mia kadhaa mpaka elfu.

Darasani natumia 3D Slicer, programu ya bure iliyoanza mwishoni mwa miaka ya 1990 kwa ushirikiano wa maabara ya hospitali moja ya Boston na chuo cha MIT. Inakuja na picha za mfano zilizokwisha kuondolewa majina, kwa hiyo sihitaji kugusa faili la mgonjwa yeyote. Nafungua picha ya tumbo, nazima taa, naitupia ukutani kwa projekta. Naiambia programu: paka rangi kila chembe yenye namba zaidi ya 250. Mara moja uti wa mgongo na mbavu vinajitokeza, visafi. Darasa linapiga makofi. Kisha nasema: sasa nipeni bandama.

Hapo makofi hukoma. Bandama iko kwenye namba 40 hadi 60 hivi, ikiwa mgonjwa hajachomwa dawa ya kung'arisha mishipa. Ini liko hapohapo. Misuli ya mgongo iko hapohapo. Mwanafunzi anasogeza kitelezi kushoto, tumbo zima linageuka kijani; anakisogeza kulia, kila kitu kinapotea. Mwishowe anakubali kufanya kazi ile iliyofanywa na watu wa Colorado na Tokyo: kupita kipande kwa kipande, kuzungushia mpaka wa bandama kwa kipanya, na kuamua kwa macho yake na elimu yake ambapo bandama inaishia na mkia wa kongosho unaanzia. Akimaliza, kompyuta inaunganisha mipaka hiyo kuwa ngozi ya pembetatu ndogondogo. Njia maarufu ya kufanya hivyo ilichapishwa mwaka 1987 na William Lorensen na Harvey Cline wa General Electric, na ndiyo babu wa viungo vingi vinavyozunguka kwenye simu.

Siku hizi kuna wa kusaidia. Mwaka 2023 watafiti wa hospitali ya chuo kikuu ya Basel, Uswisi, walichapisha TotalSegmentator, programu ya akili mnemba iliyoweza kutenganisha sehemu 104 za mwili kutoka kwenye picha ya CT. Kazi ya mchana mzima sasa inaisha kwa dakika chache, mradi kompyuta iwe na nguvu. Swali langu la kwanza halijafa, limebadilisha nguo tu. Programu hiyo ilifundwa na kupimwa kwa picha 1,204 za wagonjwa wa hospitali hiyohiyo ya Uswisi. Ni wengi kuliko mwanaume mmoja wa Texas, na ni wagonjwa halisi. Ukiipelekea bandama iliyofika kitovuni, ambayo sisi huiona, inakupasa uangalie kazi yake kwa macho yako mwenyewe kabla ya kuiamini. Waundaji wa Slicer nao wanasema waziwazi kwamba programu yao ni ya utafiti, haijaidhinishwa kwa ajili ya kutibu mtu.

Namba ya NIDA ya bandama

Tuje kwenye swali la pili, ambalo wanafunzi huliona la kuchosha mpaka waone linafanya nini.

Mtu mmoja mtaani ni Mama Asha, kazini ni Sista, kanisani ni Bibi Mwenyekiti, na kwenye simu ya mdogo wake ni Dada. Namba ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa, ndiyo inayoiambia benki kwamba hao wote ni mtu mmoja. Viungo vya mwili vimepewa kitu cha namna hiyo. Chuo Kikuu cha Washington kilichoko Seattle, chini ya mwanaanatomia Cornelius Rosse na wenzake, kilijenga rejista iitwayo Foundational Model of Anatomy, ambayo hufupishwa FMA. Ina aina za sehemu za mwili zipatazo 75,000, majina zaidi ya 120,000, na mahusiano zaidi ya milioni mbili. Moyo ni 7088. Ini ni 7197. Bandama ni 7196. Uiite kwa Kilatini, Kijapani au kwa jina alilotumia bibi yako, namba haibadiliki.

Uzito wa rejista hiyo uko kwenye mahusiano. Imeandikwa kwamba hiki ni sehemu ya kile, hiki ni aina ya kile, hiki kinapakana na kile, hiki kinapelekewa damu na mshipa huu na damu yake inatoka kupitia ule. Kwa hiyo unaweza kuiuliza kompyuta swali la kitabibu: nitajie viungo vyote ambavyo damu yake hupitia ini kabla ya kurudi moyoni. Jibu ni tumbo la chakula, utumbo, kongosho na bandama.

Mwanafunzi anayetoka Kanda ya Ziwa hushtuka hapo. Kwao kichocho cha tumbo ni ugonjwa wa kila siku. Mayai ya minyoo yanakwama kwenye ini, ini linapata makovu, damu inakosa pa kupita, shinikizo linarudi nyuma, na bandama inavimba ingawa mdudu hakuishambulia yenyewe. Kitabuni alikariri kwamba kichocho huvimbisha bandama. Kwenye mahusiano anaona njia nzima, na anabashiri mwenyewe kwa nini mgonjwa huyo anaweza kutapika damu: mishipa ya koo la chakula nayo inalipokea lile shinikizo.

BodyParts3D imeunganisha maumbo yake na namba hizo za FMA. Ndiyo sababu kipande cha picha kinaweza kuulizwa maswali. Programu isiyo na namba ni bango la ukutani linalozunguka.

Ukibofya, unafika wapi?

Swali la tatu ndilo lililonifanya nizipende zana hizi kuliko nilivyotarajia. Namba ikishakuwepo, kila aliyechunguza kitu kuhusu bandama mahali popote anaweza kukibandika kwenye namba hiyo au kwenye namba iliyooana nayo. Kuna rejista nyingine, Uberon, inayounganisha viungo vya binadamu na vya wanyama, hivyo bandama yetu, ambayo humo ni 0002106, inakaa meza moja na ya panya wa maabara. Kuna OMIM, orodha ya magonjwa ya kurithi iliyoanza kama kitabu cha Victor McKusick wa Johns Hopkins mwaka 1966 na sasa iko mtandaoni bure. Kuna Human Protein Atlas ya Sweden, iliyoanza 2003, inayoonyesha ni protini gani zinapatikana kwenye tishu gani.

Tufanye safari moja. Anza kwenye bandama, iliyojificha chini ya ubavu wa tisa hadi wa kumi na moja upande wa kushoto. Inachuja damu: chembe nyekundu zilizozeeka au kupinda hukwama humo. Ni ugonjwa gani unaopinda chembe nyekundu? Selimundu, ambayo kwenye OMIM ni 603903. Kutoka hapo unapelekwa kwenye jeni ya HBB iliyoko kromosomu ya 11, na unakuta kwamba herufi moja tu ya vinasaba imebadilika, asidi amino moja ikachukua nafasi ya nyingine, na himoglobini ikaanza kushikana inapokosa oksijeni. Rudi sasa kwenye bandama na uelewe kinachompata mtoto. Chembe zilizopinda zinaziba vijia vyake. Mwanzoni inavimba, wakati mwingine ghafla na kwa hatari. Baada ya miaka inakufa kidogokidogo mpaka linabaki kovu. Mtoto aliyepoteza bandama amepoteza mlinzi dhidi ya bakteria wa nimonia na homa ya uti wa mgongo, na hapo mwanafunzi anaelewa kwa nini kliniki inampa penisilini kila siku mtoto anayecheza na haonekani kuumwa.

Safari hii ina kituo nyumbani. Tanzania ni mojawapo ya nchi zenye watoto wengi wanaozaliwa na selimundu, na Chuo Kikuu cha Muhimbili ndicho kitovu cha muungano wa utafiti uitwao SPARCO, ulioanzishwa ukiongozwa na Profesa Julie Makani, ukianza na Tanzania, Nigeria na Ghana. Muungano huo unaandikisha wagonjwa kwenye rejista ya pamoja. Sambamba na hilo, watafiti wenye makao Cape Town wameongoza ujenzi wa rejista ya istilahi za selimundu, ambamo kila dalili, kipimo na tiba ina namba yake. Sababu ni ya kawaida kabisa. Daktari mmoja anaandika "maumivu makali ya mifupa", mwingine anaandika kifupisho cha herufi tatu, wa tatu anaandika kwa Kifaransa. Bila namba ya pamoja, kompyuta haiwezi kuwajumlisha wagonjwa wa hao watatu.

Na kuna kazi kubwa zaidi inayoendelea Marekani tangu 2018, mradi wa HuBMAP, unaotaka kuchora ramani ya mwili mpaka kwenye seli moja moja. Kikundi cha Katy Börner cha Chuo Kikuu cha Indiana kinaongoza atlasi yake ya marejeo. Mtafiti aliyekata kipande cha tishu anafungua kiungo cha 3D kwenye kompyuta na kukiweka kipande chake mahali hasa kilipotoka, ili seli zake zilinganishwe na za mwenzake aliye nchi nyingine. Na viungo vingi vya marejeo vimetengenezwa kutokana na miili ipi? Ni ileile miwili: yule mfungwa wa Texas na yule mama wa Maryland. Zaidi ya miaka thelathini baada ya kufa, Jernigan bado ndiye anayetupimia mahali seli ilipokaa.

Kwa mfuko wa hapa kwetu

Wazazi na wanafunzi huniuliza wanunue nini. Kabla ya kununua, jaribuni vya bure. Z-Anatomy imejengwa juu ya maumbo ya BodyParts3D na inafunguka kwenye Blender, programu ya bure ya kutengenezea picha za 3D. Ni nzito, simu haifai, inataka laptopu yenye kumbukumbu ya kutosha. Ipakueni usiku bando la usiku likiwa na bei nafuu, au mmoja apakue na wengine wachukue kwa flashi, jambo ambalo leseni yake inaruhusu. Slicer vivyo hivyo. Zote mbili zikishaingia, hazidai intaneti, na kwa chuo ambacho mtandao hukatika mvua ikianza hiyo ni sifa kubwa kuliko picha nzuri.

Programu za kulipia zina uzuri wake: picha zilizosafishwa, video za misuli ikifanya kazi, maswali ya kujipima. Msomeni tu muuzaji kwa makini. Mwanafunzi wangu mmoja alilipia mwaka mzima kwa programu fulani kupitia kadi ya kaka yake, mkataba ukajirudia wenyewe mwaka wa pili, na vielelezo vyote alivyovitengeneza vikafungwa humo siku alipoacha kulipa.

Onyo moja sitalipunguza makali. Faili la CT au MRI, ambalo hutumia mfumo wa DICOM, limebeba ndani yake jina la mgonjwa, tarehe ya kuzaliwa na tarehe ya kipimo. Ukifuta jina la faili hujafuta kilichomo. Na hata ukifuta yote, picha ya CT ya kichwa inaweza kugeuzwa kuwa sura ya mtu kwa njia ileile tuliyotumia kupata mbavu. Sasa tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na taarifa za afya zimo kwenye kundi linalolindwa zaidi. CD ya mgonjwa haiendi kwenye kundi la WhatsApp la darasa, hata kama kesi ni nadra kiasi gani.

Kazi ninayowapa

Mwisho wa muhula kila mwanafunzi huchagua kiungo kimoja, atafute namba yake, aifuate mpaka kwenye ugonjwa unaoonekana wilayani kwao, kisha aniletee kitu kimoja ambacho zana hizi zote zimeshindwa kumwonyesha. Sehemu hiyo ya mwisho ndiyo yenye maksi nyingi.

Mmoja alichagua bandama na selimundu. Namba alizipata, jeni aliipata, makala alizipata. Alichokosa ni umbo. Kila bandama aliyoifungua ilikuwa ya mtu mzima mwenye bandama nzima, yenye urefu wa sentimita 12 au chini yake. Ya mtoto wa miaka miwili iliyovimba ghafla hakuiona. Kovu lililobaki kwa kijana wa miaka 15 hakuliona. Hata zile bandama ndogo za ziada, ambazo takriban mtu mmoja kati ya kumi anazo na daktari wa upasuaji lazima azitafute, hazikuwemo. Kiungo kilikuwa kimeunganishwa na ugonjwa kwa namba, lakini picha ilibaki ya mtu ambaye hakuwahi kuugua ugonjwa huo.

Nilimpa maksi zote, na nikamwambia kwamba hilo pengo si la kulalamikia bali la kuzibwa. Wakorea na Wachina hawakungoja. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 wametengeneza data za miili ya watu wao. Sisi hatuhitaji kuanza na friza na msumeno. Watoto wa selimundu hupimwa bandama kwa ultrasaundi, kipimo kisicho na mionzi. Vipimo hivyo vikiwekwa kwa namba zinazoeleweka, majina yakaondolewa, na mzazi akaulizwa na kueleweshwa vizuri, ajue anachokitoa kama Susan Potter alivyojua, tunaweza kupata umbo la bandama inayougua, kwa umri, kutoka kwa watoto wenyewe. Wa kuichora tunao, na wa kuihesabu tunao. Kinachotakiwa ni mtu wa kumuuliza mama aliyekaa kwenye benchi la kliniki, kumweleza picha itakwenda wapi na itamfaa nani, na kuwa tayari kupokea jibu lake hata likiwa hapana.